Sakafu ya Kung'aa na Mguu wa Mama Mkwe

Ndoa nyingi za mjini huvuka salama mambo mazito. Wanandoa watavuka mahari, watavuka mkopo wa kiwanja, watavuka hata shemeji aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi mitano. Halafu inafika siku ya kwenda kununua marumaru. Jamani! Hapo ndipo utakapomjua mwenzio vizuri. Mpole anapandisha sauti mbele ya muuza duka, bahili anakuwa mkarimu wa ghafla, na yule aliyekuwa akisema "chagua wewe tu mpenzi" anakuja kivingine kabisa.

Ukitaka kujua mwenzio anamjengea nani nyumba, nenda naye Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kisha tazama atasimama mbele ya marumaru ipi.

Mimi na baba watoto tulifika hapo mwaka 2023. Nyumba yetu ya Kigamboni ilikuwa imefikia hatua ya umaliziaji, ile hatua inayokausha mfuko kuliko msingi na bati vikijumlishwa. Mwenzangu alishaamua tangu zamani. Alitaka marumaru nyeupe za sentimita 60 kwa 60, zile zinazong'aa mpaka ukiinama unajiona uso, na alizitaka nyumba nzima: sebuleni, vyumbani, jikoni, bafuni, mpaka kibarazani. "Mke wangu," aliniambia, "mtu akifungua mlango tu ajue hapa anaishi mtu." Sikumlaumu. Amekulia kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji iliyopigwa polishi nyekundu, na kwa vijana wa rika lake kung'aa kwa sakafu ndiyo cheti kwamba umetoka mbali.

Lakini mimi nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu: mama yake.

Mama aliyeacha kuja kwetu

Mama mkwe wangu anaishi Tanga. Zamani alikuwa akija Dar kila baada ya miezi mitatu, kapu la machungwa mkononi, na wajukuu wanampokea kituoni kama rais. Mwaka 2019 alikuja kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga wakati ule. Bafu lake lilikuwa na marumaru nyororo kama sahani, na mwenye nyumba alishaambiwa mara mbili na wapangaji waliotutangulia. Alfajiri moja mama aliamka kutawadha. Alimaliza udhu salama, akatoka na miguu mibichi, akapiga hatua ya pili kwenye korido. Tulisikia kishindo tu.

Alivunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akalala wiki kadhaa, akajifunza upya kutembea. Leo anatembea kwa mkongojo, na anatembea vizuri tu. Kisichopona haraka ni ile hofu. Kila tukimkaribisha kwetu alikuwa na sababu: mara kuku hana wa kumwachia, mara shughuli ya jirani, mara basi siku hizi zinakimbia sana. Miaka minne hakulala kwetu hata usiku mmoja. Baba watoto aliamini ni kuku. Mimi nilikuwa nimemwona pale hospitali alipomwomba nesi, kwa sauti ya chini, asimwache peke yake bafuni, na nilijua kwamba mwanamke aliyewaogesha watoto sita haombi jambo hilo kirahisi.

Wala si mama yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufariki duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba katika vifo vya ajali zisizokusudiwa, kuanguka kunashika nafasi ya pili nyuma ya ajali za barabarani. Wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Sisi tunawaombea dua wazazi wetu wakipanda basi, kisha wakifika tunawakaribisha kwenye bafu linaloteleza.

R9 si tisa kati ya kumi

Mhariri ni mtu wa kusoma maandishi madogo, ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo wakati baba watoto anajitazama kwenye marumaru, mimi nilichuchumaa kusoma boksi. Kijana muuzaji, mchangamfu kwelikweli, akanisogelea.

"Dada yangu hiyo ni R9, tisa kati ya kumi! Hiyo haitelezi ng'o."

Nilimshukuru, lakini hesabu yenyewe haiko hivyo, na naomba msomaji wangu uishike maana itakusaidia dukani. Herufi R hutokana na kipimo kilichoanzia kwenye viwango vya Ujerumani. Mtu huvaa viatu maalumu vya kazi, husimama kwenye marumaru iliyopakwa mafuta ya injini, kisha ubao aliosimamia huinuliwa polepole mpaka aanze kuteleza. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali kabla hajateleza, ndivyo marumaru inavyopata namba kubwa. R9 ni mteremko wa nyuzi 6 hadi 10 tu. R10 ni kuanzia hapo hadi nyuzi 19, R11 hadi 27, R12 hadi 35, na R13 ni zaidi ya hapo. Hakuna R1 wala R5. R9 ndiyo ngazi ya chini kabisa kwenye orodha hiyo. Ni kama mwanafunzi aliyevuka mstari wa kufaulu kwa alama moja.

Kuna kipimo cha pili ambacho kwa sisi watu wa kuvua viatu mlangoni ndicho chenye maana zaidi. Hiki hupimwa mtu akiwa peku, juu ya marumaru iliyomwagiwa maji ya sabuni. Herufi zake ni tatu: A huanzia nyuzi 12, B nyuzi 18, na C nyuzi 24. Mwaka 2021 njia hizi mbili za kupima ziliingizwa kwenye kiwango cha pamoja cha nchi za Ulaya, ila herufi na namba zile bado ndizo utakazokutana nazo kwenye maboksi na vitabu vya viwanda. Mama yetu hakuanguka akiwa amevaa buti kwenye mafuta ya injini. Alikuwa peku, na maji. Kwa bafu basi ulizia A, B au C kwanza, R baadaye.

Na usichanganye na PEI. Hiyo huonesha tu ngozi ya juu ya marumaru inavyostahimili kusuguliwa na kuchakaa. Marumaru inaweza kuwa na PEI ya juu kabisa, ikaishi miaka thelathini, na miaka yote hiyo ikawa inaangusha watu.

Je, kama boksi halina namba yoyote, au limeandikwa tu kwamba haitelezi bila kipimo? Hapo tumia kipimo cha bibi: mguu wako. Nilitoa chupa ya maji kwenye mkoba, nikamwaga kwenye kipande cha sampuli, nikavua kandambili na kukanyaga. Kijana akacheka mpaka akaegemea kaunta. "Anti, umekuja kununua au kutawadha?" Nikamjibu vyote viwili. Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu hawakucheka. Mmoja aliniomba ile chupa.

Kila chumba na sakafu yake

Jambo kubwa nililojifunza nikizunguka maduka na kumsikiliza fundi ni kwamba hakuna marumaru moja ya nyumba nzima. Swali la kujiuliza kila chumba ni moja: hapa nani anapita, amevaa nini miguuni, na maji yanatoka wapi?

*Bafuni na chooni.* Hapa usilegeze kamba. Chukua isiyong'aa, yenye daraja B kwa watu walio peku, au R10 hadi R11 kama namba hiyo ndiyo iliyopo. Sehemu ya kuogea yenyewe inapenda vipande vidogo, hata vya sentimita 5 kwa 5, kwa sababu mbili: mistari mingi ya grauti humpa unyayo pa kushika, na vipande vidogo hukubali mteremko bila kukatwakatwa. Mteremko wenyewe uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Hata marumaru nzuri kuliko zote, maji yakituama juu yake na sabuni, utaanguka tu. Na kamwe usikubali kubandikiwa chini marumaru za ukutani eti zimebaki. Za ukutani ni nyororo, hunywa maji zaidi, na hazikutengenezwa kubeba uzito wa mtu.

*Korido ya kutoka bafuni.* Hii husahaulika nyumba nyingi, na ndiyo iliyomwangusha mama. Watu huhesabu kwamba maji yanaishia mlangoni mwa bafu. Hayaishii. Yanasafiri na miguu ya anayetoka kuoga, ya mtoto anayekimbia bila taulo, ya anayetoka kutawadha kwenda kwenye msala. Endeleza marumaru ya kushika mpaka chumbani, angalau hatua nne tano.

*Jikoni.* Hapa adui ni wawili, maji na mafuta. R10 inatosha kwa jiko la nyumbani. Ukienda juu sana, marumaru inakuwa na vinyweleo vinavyokamata unga na mafuta, na anayesugua atakulaani kimoyomoyo. Nilimwuliza dada anayetusaidia kazi za nyumbani angependa ipi kati ya sampuli tatu. Alishangaa kuulizwa. Akazipaka mafuta ya kupikia, akazifuta kwa tambara, akachagua ya katikati. Akasema, "Hii inasafika na mtu hauruki." Fikiria kidogo: nani anatembea kwenye sakafu mbichi kuliko anayepiga deki kila siku? Na nani kati yetu huwa anamwuliza?

*Sebuleni na vyumbani.* Hapa pakavu, na hapa ndipo mahali pa kupatana. Kama mwenzio anataka kung'aa, mpe. R9 sebuleni si kosa, mradi kwenye mlango wa kuingilia kuna zulia zito lisilohama la kufutia miguu, na deki haipigwi wakati watu wanapita. Viwanda vingi hutoa rangi moja kwa namna mbili, ya kung'aa na isiyong'aa, kwa hiyo nyumba inaonekana moja huku miguu ikipata haki yake. Ila mwambie fundi mapema kama marumaru zako zina unene tofauti, asikuachie ngazi ndogo ya nusu sentimita mlangoni. Mzee hukwaa hapo hapo.

*Kibarazani na nje.* Masika ikipiga kuanzia Machi mpaka Mei, marumaru ya kung'aa nje inakuwa uwanja wa kuteleza, na sehemu isiyopata jua huota ukungu wa kijani. Chukua R11, weka mteremko wa kutoa maji nje, na ukungu usuguliwe kabla haujawa zulia.

*Ngazini.* Kama una ghorofa, ukingo wa kila kidato uwe na mistari ya kushika, na uwe na rangi tofauti kidogo ili jicho lione kidato kinaishia wapi, hasa umeme ukikatika. Vidato vyote viwe na kimo kimoja. Mguu hukariri kimo cha kidato cha kwanza, kile kinachotofautiana ndicho kinachoangusha.

Bei je? Kwa ukubwa na ubora unaofanana, nilikuta isiyong'aa haikuwa ghali kuliko ya kung'aa. Na siku hizi huhitaji kungoja meli, maana marumaru zinatengenezwa hapa hapa Mkoa wa Pwani, Mkuranga na Chalinze. Nunua kama asilimia 10 ya ziada, na hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi ni moja, vinginevyo sebule itakuwa na rangi mbili.

Siku baba watoto alipovua soksi

Yote haya nilimweleza mwenzangu. Akanisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa. "Mama ataweka kandambili," alisema. "Tutamwekea zulia. Mbona hoteli kubwa zote wanaweka za kung'aa?" Nilianza kukasirika. Nilimwona mtu anayemjengea mgeni atakayekaa saa moja akinywa soda, huku aliyemzaa akibaki Tanga na kuku wake. Sikumwambia hivyo. Maneno mengine ukiyatoa hayarudi, na nyumba tulikuwa tunaijenga ili tuishi humo pamoja.

Nilichofanya ni kununua vipande vitatu, cha kwake na viwili vya kwangu, nikavipanga uani tulikopanga wakati ule, nikamwagia maji na sabuni ya kuogea. Jumapili jioni nikamwomba avue soksi. Akacheka, akavua. Cha kwangu cha kwanza akasimama. Cha pili akasimama. Alipokanyaga cha kwake, mguu ulikimbia, akadaka mlingoti wa kamba ya nguo. Hakuanguka. Lakini alibaki ameshika ule mlingoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, anatazama chini. Watoto walikuwa wanamcheka, yeye hacheki.

Baadaye, tukiwa mezani, aliuliza jambo moja tu. "Kwani mama aliwahi kukwambia anaogopa?"

Nikamwambia hapana, hakuwahi. Nikamwambia tu yale niliyoyasikia hospitali. Akasukuma sahani, akatoka nje kupiga simu Tanga. Hakupiga kuuliza habari za marumaru. Walizungumza karibu saa nzima, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kesho yake alikwenda mwenyewe Kariakoo. Sebule imebaki yake, nyeupe, inang'aa ile mbaya. Kwingine kote ni za kushika.

Mama alikuja mwishoni mwa mwaka ule, kabla hata rangi ya ukuta haijakauka vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba aoneshwe bafu kabla ya kuoneshwa sebule. Akasimama mlangoni, akapapasa sakafu kwa unyayo kama mtu anayepima joto la maji. Ukutani fundi alikuwa ameweka vishikio viwili vya chuma, vimefungwa kwenye tofali na siyo kwenye marumaru tu. Mama akashika kimoja, akakitikisa. "Mwanangu," akaniambia, "nifungie mlango nioge." Nikamfungia. Nilikaa kwenye korido na gazeti ambalo sikulisoma, nikisikiliza maji yanamwagika, mpaka akatoka mwenyewe.

Kama hujengi, au umeshajenga

Najua wengi wetu tumepanga, na mwenye nyumba hatabomoa sakafu kwa ajili ya mama mkwe wako. Bado unaweza kufanya mengi. Kuna kanda za kukwaruza zinazobandikwa bafuni na kwenye ngazi, kuna mikeka ya mpira yenye vikombe vya kunyonya chini yake, na kuna dawa za kupaka zinazoipa marumaru ukwaruzo, ingawa hizo hurudiwa zikichakaa. Weka taa ndogo ya betri kwenye korido. Piga deki kwa sabuni kidogo kisha suuza kwa maji safi, kwa sababu utando wa sabuni unaobaki hufanya hata marumaru nzuri iteleze. Usipake polishi wala nta pale wanapopita wazee na watoto. Na kishikio cha ukutani, ambacho watu hukionea aibu eti ni cha hospitali, ni bei ndogo kuliko kumuuguza mgonjwa wodini.

Kwa wale mnaojenga mwezi huu, neno langu ni hili. Kabla hamjaingia dukani, kaeni chini nyinyi wawili na kalamu na karatasi. Andikeni majina ya wote watakaolala ndani ya nyumba hiyo miaka kumi ijayo: mtoto anayejifunza kutembea, mama mjamzito ambaye haoni miguu yake, mzee mwenye mkongojo, dada mwenye ndoo, na nyinyi wenyewe mkishafika miaka sitini. Kando ya kila jina andikeni anapita wapi akiwa na miguu mibichi. Karatasi hiyo ndiyo mwende nayo Kariakoo, pamoja na chupa ya maji. Muuzaji atacheka kidogo. Mwache acheke, wewe vua kiatu ukanyage.